Kutoka Bunduki hadi Kifyatuarangi: Historia Fupi ya Majina ya Vyombo vya Kufyatua

UTANGULIZI

Katika makala haya tumekusudia kuchunguza jambo linaloonekana dogo, nalo ni jina la chombo kimoja kigeni. Chombo chenyewe hufyatua kidonge laini kilichojaa rangi. Kidonge hupasuka kinapogonga, na rangi hubaki mahali pale ikiwa alama. Wanaokiunda hukiita, kwa lugha yao, kitia-alama. Watu wengi wasiokuwa na habari zake hukiita bunduki. Majina hayo mawili yanapingana, kwani la kwanza lataja kazi ya chombo na la pili lataja sura yake. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuamua afuate lipi, au atafute la tatu.

Uamuzi huo si wa mchezo. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na moja ya kazi zake ni kusanifu istilahi. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, neno la mfasiri limeweza kuwa neno la hakimu. Ofisa wa forodha akikuta katika orodha ya bidhaa neno "bunduki", atafunga sanduku na kumwita askari. Akikuta neno "kichezeo", ataliacha lipite, na huenda kesho likawa mikononi mwa mtoto. Kama tutakavyoonyesha, hatua zote mbili zaweza kuwa na madhara. Kosa halitakuwa la ofisa bali la aliyempa neno.

Twaanzia Ngokolo, kata ya Manispaa ya Shinyanga, si kwa kuwa chombo hiki kimeenea huko. Twaanzia huko kwa kuwa katika mkoa ule maneno ya kufyatua na ya kutia alama, ya kale na ya sasa, yangali hai vinywani mwa watu: upinde wa sungusungu, manati ya mvulana alindaye mtama, gobori la mwindaji, mzinga wa nyuki, chapa ya ng'ombe, na kalibu ya mfyatua matofali. Atakaye kulipa jina jambo jipya yampasa kwanza ajue majina ya zamani yalipatikanaje.

MAJINA YALIYOTANGULIA

Neno "upinde" latokana na kitenzi "pinda". Ni jina lililotolewa kwa kutazama jinsi chombo kinavyoundwa: fimbo imepindwa, basi ni upinde. Neno kongwe zaidi ni "uta", ambalo lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu. Nalo halikuwa peke yake. Kamba ya uta iliitwa upote. Mfuko wa mishale, podo. Mti wa mshale, wano. Na ncha yake ya chuma, chembe. Yafaa tulizingatie jambo hili. Watu waliokijua chombo kwa kukitumia walikipa kila kiungo jina lake. Msamiati wa uta haukuwa neno moja tu bali ukoo mzima, na mtu aliyekosa jina la kiungo kimoja hakuweza kumweleza fundi kilichovunjika.

Shinyanga yatupa mfano wa karibu zaidi. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ujambazi na wizi wa ng'ombe wa kutumia silaha ulizidi katika sehemu za magharibi ya nchi. Mwaka 1982 wanavijiji wa Kahama na wilaya jirani walianzisha jeshi lao la jadi, wakashika pinde na mishale, wakaitana kwa filimbi. Jina lililoenea ni sungusungu, yaani wale siafu weusi wadogo waumao, ambao mmoja wao si kitu lakini wakija wote hakuna awezaye kukaa. Wengine walijiita wasalama, watu wa amani. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kuwapa walinzi hao nafasi ndani ya sheria. Hivyo jina lililozaliwa vijijini liliingia katika hotuba za viongozi na katika mashauri ya mahakamani. Wanavijiji walikuwa na majina mawili, moja la kung'ata na moja la amani, na la kung'ata ndilo lililodumu. Kwa mfano huu twaona kwamba jina lenye picha hushika haraka, na likishashika, ni vigumu kulibandua.

Sasa tulitazame neno "bunduki" lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiarabu "bunduq" ni tunda moja dogo, gumu na la mviringo, jamii ya kokwa. Kabla ya baruti kujulikana, Waarabu na Waajemi walikuwa na upinde maalumu wa kuwindia ndege. Upinde huo haukurusha mshale bali kidonge cha udongo uliokaushwa, na kidonge hicho, kwa kufanana kwake na lile tunda, kiliitwa bunduq. Ilipokuja silaha ya moto inayorusha tufe la risasi, jina la kidonge lilihamia kwenye chombo chenyewe. Wako wanaolihusisha neno hilo na jina la Kiarabu la mji wa Venice, Bunduqiyya, lakini maelezo ya kidonge cha udongo yana nguvu zaidi. Kwa hiyo neno tunaloliogopa leo lilianza maisha yake likiwa jina la kidonge kisichokuwa na chuma. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

"Risasi" nalo ni neno la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile madini nzito laini ya kijivu. Madini iliipa jina ile punje iliyotengenezwa kwayo, na hata leo, punje ikiwa ya shaba au ya chuma, twaiita risasi. "Baruti" latokana na neno la Kiarabu ambalo zamani lilikuwa jina la shura, ile chumvi iliyo kiungo kikubwa cha unga huo. Kila mara sehemu imeitaja jumla.

Bunduki zilipoongezeka aina, waswahili wa pwani na wa misafara ya bara walizipambanua kwa namna ya kuwasha moto. Palikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Bunduki ya fataki, iliyolipuliwa kwa kifuniko kidogo cha shaba. Na bunduki ya viasi, iliyotiwa risasi na baruti vikiwa vimefungwa pamoja. Msamiati huu ulikwenda bara pamoja na bidhaa. Katika Unyamwezi ya Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, na miongoni mwa rugaruga wake, bunduki zilikuwa tayari kitu cha siku zote. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha mpya zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliziacha zile za gumegume. Silaha za kushindiliwa kwa mdomo zikaendelea kuwa silaha za mwananchi wa kawaida, na gobori likabaki katika lugha na katika nyumba za wawindaji hata baada ya ulimwengu kulisahau.

Mzinga ulipata jina kwa umbo. Asiyetoka Shinyanga, Tabora au Kahama huenda akadhani kwamba maana ya kwanza ni silaha, lakini wafuga nyuki wajua kwamba mzinga ni gogo lililotobolewa katikati. Walipouona mtutu mnene wa shaba, watu waliona gogo. Hivyo ndivyo miongo mingi baadaye gari la vita la minyororo lilivyopata jina la kifaru. "Bastola" kwa upande wake ilipokelewa na jina lake la Kizungu, ikatiwa irabu na kufuata desturi za matamshi yetu.

Tukijumlisha, majina ya vyombo vya kufyatua yamepatikana kwa njia nne: kutazama umbo, kama mzinga, kutazama kinachorushwa, kama bunduki, kutazama tendo, kama upinde, na kutohoa, kama bastola. Njia hizi hazijafungwa. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Kahama huliita shimo la kuchimbia duara kwa umbo lake, na mashine ya kusaga mawe wakaiita karasha kwa kutohoa Kiingereza. Hawakungoja kamati. Kamati ikichelewa hulikuta neno limekwisha pata wenyewe.

CHOMBO NA KAZI YA ALAMA

Tuje kwenye alama. Mfugaji wa Kisukuma amejua kwa muda mrefu kwamba ng'ombe asiye na alama hana ushahidi. Masikio yalikatwa kwa mitindo ya kifamilia. Ngozi ilichomwa kwa chuma cha moto. Kiswahili kilikwisha lipokea neno "chapa" kutoka lugha za Bara Hindi, likatumika kwa kitabu na kwa ng'ombe pia. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ya mwaka 2010 iliifanya alama kuwa wajibu, na baadaye zilipokuja alama za kutungikwa sikioni, neno "hereni", lililokuwa la pambo, lilipewa kazi ya serikali. Hakuna aliyelalamika kwamba ng'ombe anavishwa pambo, maana kila mtu aliona kinachosemwa.

Miti nayo huhitaji alama. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa umekatwa miti mno hadi mwaka 1986 ulipoanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliowarudisha watu kwenye ngitili, yaani malisho ya kuhifadhiwa yaliyojulikana na wazee. Afisa misitu popote pale, awe Shinyanga au Marekani, ana tatizo moja: lazima aonyeshe mti upi ukatwe na upi uachwe, na miti mingine iko ng'ambo ya korongo au ndani ya miiba.

Tatizo hilo ndilo lililozaa chombo tunachokizungumzia. Katika miaka ya 1960 kampuni ya rangi ya Nelson, ya mji wa Iron Mountain katika jimbo la Michigan, ilitafuta njia ya kutia alama ya rangi kutoka mbali. Kampuni za Crosman na Daisy, zilizokuwa na ujuzi wa bunduki za hewa, zikaunda vyombo vya kazi hiyo. Kile cha Daisy, kilichouzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kiliitwa Nel-Spot 007. Kilikuwa na umbo la bastola, kikisukumwa na kichupa kidogo cha gesi ya kaboni dioksidi. Walionunua walikuwa wenye misitu na wenye ng'ombe. Vidonge vyenyewe vilitokana na ufundi wa dawa: ganda la jelatini, lile lile linalofunika vidonge vya mafuta ya samaki, lilijazwa rangi badala ya dawa.

Tarehe 27 Juni 1981, katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire, watu 12 walikichukua chombo cha kazi wakakifanya cha mchezo. Kila mmoja alitakiwa kukusanya bendera bila kutiwa alama na wenziwe. Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa misitu, na yasemekana alishinda bila kufyatua hata kidonge kimoja. Kutoka hapo mchezo ulienea Marekani na Ulaya, na umefika pia Nairobi. Wauzaji wakatambua kwamba neno "bunduki" lawapa shida kwa polisi, kwa wazazi na kwa waandishi wa sheria, wakalishikilia zaidi neno la kwanza, kitia-alama. Mtu aweza kusema kwamba walifanya hivyo kwa ajili ya biashara, wala hatubishi. Lakini kihistoria neno hilo lilikuwa la haki, kwa kuwa chombo kilizaliwa kwa kazi ya alama.

SIFA ZA CHOMBO BORA

Haifai kulijadili jina pasipo kujua chombo kilicho bora ni kipi, kwani sifa za ubora ndizo zitakazotuonyesha kiini cha chombo.

Sifa ya kwanza ni mwendo wa kadiri na usiobadilika. Kidonge cha kawaida kina kipenyo cha sehemu 68 katika mia za inchi, yaani kama milimita 17, na uzito wa takriban gramu 3. Desturi ya mchezo imeweka kikomo cha futi 300 kwa sekunde, sawa na meta 91, na viwanja vingi hushusha zaidi. Kidonge kikienda pole mno hudunda bila kupasuka, na alama haipo. Kikienda kasi mno humwumiza mtu. Ubora wa chombo basi umo katika nafasi nyembamba kati ya kasi ipasuayo ganda la kidonge na kasi idhuruyo ngozi ya mtu. Bunduki husifiwa kwa nguvu yake ya kupenya. Chombo hiki husifiwa kwa kutopenya. Hapo ndipo vinapoachana, hata kama sura zao ni moja.

Sifa ya pili ni upole wa ndani. Kidonge ni laini. Kikisukumwa kwa kishindo hupasukia ndani ya mtutu, na vyote vitakavyofuata huteleza katika rangi na kwenda kombo. Mtutu mzuri ni laini ndani, na upana wake walingana na kidonge. Ulinganifu huo si rahisi, kwa sababu jelatini hunywa unyevu na kuvimba, na katika joto hulegea. Asiyetunza vidonge vyake mahali pakavu na penye ubaridi, hata akiwa na mtutu bora, hatapata shabaha.

Sifa ya tatu ni gesi iliyo thabiti. Kaboni dioksidi huwekwa mtungini ikiwa majimaji, na kanieneo yake hupanda na kushuka pamoja na joto. Mtu akifyatua mfululizo mtungi hupoa, kanieneo hushuka, na kidonge cha kumi hakifiki kilipofika cha kwanza. Juu ya nyuzi 31 za sentigredi gesi hiyo haiwezi kubaki majimaji kabisa. Nayo mchana wa Shinyanga mwezi wa Oktoba hufika na kuvuka kiwango hicho. Kwa sababu hiyo wachezaji wengi wamehamia hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, ikipitishwa katika kidhibiti kabla ya kufika kwenye vali.

Sifa ya nne ni usalama: kizuizi cha kifyatulio, kifuniko cha mdomo wa mtutu, na, nje ya chombo, kinga ya uso. Kidonge kiendacho meta 91 kwa sekunde huacha wekundu begani, lakini kikipiga jicho chaweza kulipofusha. Hapa hapana mzaha.

Sifa ya tano ni wepesi wa kufunguliwa na kusafishwa. Chombo kisichoweza kufunguliwa na fundi wa kawaida, kwa bisibisi na kitambaa, si bora kwa mtu aliye mbali na kiwanda. Kuhusu wingi wa vidonge kwa sekunde, wachezaji huusifu sana, hasa tangu vyombo vya umeme vilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini kwa afisa misitu mwenye kutaka alama moja kwa mti mmoja, sifa hiyo haina maana. Chombo bora ni kile kinachofaa kazi yake.

HOJA JUU YA JINA

Sasa tuyapime majina yanayowezekana.

"Bunduki ya rangi" lina faida ya kueleweka mara moja. Ubaya wake ni kwamba linaanza na neno ambalo sheria imekwisha liwekea mipaka na wananchi wamekwisha liwekea hofu. Kweli tumeona kwamba asili ya neno ni kidonge cha udongo, lakini historia ya neno si leseni ya kulitumia. Katika mkoa uliojua wizi wa mifugo wa kutumia silaha, na ambamo ulinzi wa migodi ni jambo la kila siku, mtu akipiga yowe "ana bunduki" hakuna atakayengoja neno la pili. Vilevile "risasi ya rangi" haifai kwa sababu hiyo hiyo.

"Kichezeo" ni kosa la upande wa pili. Huondoa hofu yote, hata ile iliyo ya lazima. Mwalimu akisoma kwenye sanduku kwamba humo mna vichezeo, hataulizia kinga ya uso.

"Kialamishi" ndilo jina litakalomjia kwanza mfasiri msomi, nalo lina haki kwa maana lataja kazi. Lakini nafasi hiyo imekaliwa. Wanaisimu hulitumia kwa viambishi vinavyoonyesha njeo na nafsi. Aidha, mtu wa ofisini akiambiwa alete cha kutilia alama atakwenda kuchukua kalamu ya wino mzito, ambayo mitaani huitwa makapeni. Istilahi nzuri haimpi msomaji kazi ya kuchagua kati ya sarufi, kalamu na chombo cha msituni.

Kutohoa kunawezekana pia, na hatukubezi. Karasha imewafaa wachimbaji. Lakini neno lililotoholewa halitaeleza lolote kuhusu chombo kwa mtu ambaye hajakiona, na chombo chenye kudhuru jicho kinahitaji jina lenye kueleza.

Tunapendekeza, kwa hiyo, neno "kifyatuarangi". Hoja zetu ni tatu. Kwanza, umbo lake si geni: tunazo tayari kipazasauti, kinasasauti na kipimajoto, yaani kiambishi cha chombo, kitenzi na kitendwa, na watu wameyazoea. Pili, kitenzi "fyatua" hakifungamani na mauaji. Mtego hufyatuka, ulimi hufyatuka, na Ngokolo kama kwingineko fundi hufyatua matofali kutoka katika kalibu tangu asubuhi hadi jioni bila kumdhuru mtu. Hata hivyo ndani ya kitenzi hicho mna nguvu ya ghafla iliyokuwa imezuiwa na sasa imeachiliwa, na mwenye kulisikia hujihadhari. Tatu, neno lataja kinachotoka, ambacho ni rangi. Na kutaja kinachotoka ndiyo njia iliyolizaa neno "bunduki" lenyewe.

Kwa kile kinachofyatuliwa, neno "kidonge" latosha, na pakiwa na shaka, "kidonge cha rangi". Limetoka kwenye donge la udongo, likahamia hospitali, na sasa latoka hospitali kwenda msituni, kama chenyewe kilivyotoka kwenye ufundi wa dawa. "Gololi" halifai, kwa kuwa gololi ni ngumu na haipasuki. Na "tufe" laashiria kitu kikubwa zaidi.

ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Kwa kufuata mfano wa wazee waliokipa kila kiungo cha uta jina lake, tunaweka hapa ukoo wa maneno ili wasomaji waupime:

kifyatuarangi: chombo kinachofyatua kidonge cha rangi kwa nguvu ya gesi au hewa, kwa ajili ya kutia alama au kwa mchezo.
kidonge: tufe dogo la jelatini lililojazwa rangi.
mtutu: bomba linalopitisha kidonge.
kifyatulio: sehemu ivutwayo kwa kidole ili kufyatua.
kibuyu: chombo cha kuwekea vidonge, kikaacho juu ya kifyatuarangi, kimeitwa hivyo kwa umbo lake.
mtungi: chombo cha chuma au cha nyuzi ngumu cha kuwekea gesi au hewa iliyoshindiliwa.
kidhibiti-kanieneo: kiungo kinachosawazisha kanieneo kabla ya gesi kufika kwenye vali.
kifuniko cha mtutu: kizuizi cha mdomoni wakati chombo hakitumiki.
kinga ya uso: kifuniko cha macho, mdomo na masikio.

Kuhusu neno la mwisho, tulipima pia "barakoa", neno kongwe la pwani ambalo mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, lilirudi na kuenea nchi nzima. Lakini kurudi kwake kumelifunga na kitambaa cha mdomo na pua, ilhali hapa kinachokingwa zaidi ni jicho. Mtu akidhani barakoa ya hospitali yatosha, atapofuka kwa sababu ya tafsiri.

HITIMISHO

Tumeona kwamba lugha yetu haikupata kushindwa kukipa jina chombo cha kufyatua, kutoka uta hadi kifaru. Imetumia umbo, kinachorushwa, tendo na utohozi, kila njia kwa wakati wake. Tumeona pia kwamba ubora wa kifyatuarangi ni kuacha alama pasipo kuacha jeraha. Jina lake nalo lipimwe kwa kipimo kicho hicho: liwe na nguvu ya kutosha kugonga sikio na kueleweka, lakini lisimtie mtu hatiani kwa chombo cha kazi wala lisimpe mtoto silaha kwa jina la mchezo.

Walimu na wajaribu neno hili darasani, wafasiri kwenye hati zao, na watumishi wa serikali katika orodha zao. Kama mfyatua matofali wa Ngokolo atalielewa bila kuelezwa, litadumu. Kama hatalielewa, yeye ndiye atakayetupa lililo bora kuliko hili, nasi tutaliandika.